Siku gunia la Mangobo lilipopasuka

Niseme tu ukweli, nilijivuna. Jumapili tunapigana ndondi na kikundi cha Bengamisa, na kocha wetu hapa Mangobo, Papa Asani, alikuwa bado anatafuta mwanamke mmoja wa kupanda ulingoni. Nilitaka awe mimi, ingawa sikuwa na hakika kama mikono ya kutwanga pondu, majani ya muhogo, inaweza kupiga mtu. Kila asubuhi nilipiga ngumi kwenye beseni la mchanga mpaka vidole vikaota sugu.

Jana nikalipiga gunia letu la mazoezi, lile la mpunga tulilojaza makapi na matambara. Likapasuka! Nikainua mikono, nikazunguka kama bingwa.

"Trésor, umeona?" nikamwambia mwenzangu. Kusema haki, hajawahi kunitukana, ananichekaga tu. "Wewe unalipiga tangu zamani, hata uzi haujakatika!"

"Bon, mama, nimeona," akajibu, macho chini. Nilifurahi, nakiri.

Papa Asani akaanza, "Donc, Jumapili..."

Hapo panya akatoka kwenye tundu la gunia, watoto wake nyuma, wakapita katikati ya miguu yangu. Nikaruka nikipiga yowe.

"Champion iko ule pale!" Trésor akasema akimwonyesha panya, akacheka mpaka akakaa chini.

Papa Asani akagusa kitambaa cha gunia kilichotafunwa. "Panya ndiye aliyetoboa, mama." Kisha akashika ngumi yangu, akaibonyeza. "Lakini ulipiga katikati, na mkono haukupinda. Shona gunia. Jumapili utapanda."