Filta ya Kuoshwa

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, niliingia gereji moja hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, gari langu la petroli na umeme likikwamakwama, nikamwambia fundi mbele ya wateja: "Umeniharibia gari!" Wateja wawili wakatazamana, wakaondoa magari yao.

Mwezi uliopita alinifungia filta ya hewa ya kuoshwa, niliyoiagiza mwenyewe kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Alinionya, kwa jina la heshima wanaloitwa wasomi hapa: "Dotora, injini ya gari hili hupumzika kila mara. Filta ya kawaida inatosha. Wewe safisha ile ya feni ya kupoza betri, chini ya kiti cha nyuma." Nikamjibu kwamba nimesoma.

Sasa alifuta mikono, akaichomoa filta, akaiinamisha. Mafuta yakadondoka kiganjani mwake.

"Nani kaitia mafuta?"

"Mimi. Jumapili, baada ya kuiosha."

"Kiasi gani?"

"Chupa nzima."

"Alikuwa anakaanga samaki!" akasema mzee mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake. Fundi hakucheka. Alisafisha kifaa cha kupima hewa, kilicholowa mafuta yangu, akafunga boneti; gari likaacha kukwamakwama.

Mnaoniuliza kama filta hizo zina faida: kwa gari kama langu, sijaiona. Nilisoma sifa zake zote, ukurasa wa mafuta nikauruka.

Kesho yake asubuhi niliwafuata wale wateja wawili sokoni. "Kosa lilikuwa langu, si la fundi," nikamwambia wa kwanza, akaitikia kwa kichwa. Wa pili, muuza samaki, akatega sikio: "Sikusikii, dada. Mbona jana ulikuwa na sauti?"

Nikarudia kwa sauti ya jana, soko zima likageuka.