Sufu Mbele ya Jicho la Thebe

Daktari wa mifugo anayetufikia huku kwenye milima ya Maloti hupasha vidole vyake kwapani kabla ya kumgusa mbwa. Humziba jicho moja kwa kiganja, kisha mbele ya jingine huachia sufu kidogo ishuke taratibu kama theluji isiyo na haraka. Sufu haina kishindo. Mbwa anayeona huifuata kwa jicho. Vijana wa leo huchunga simu zao, kondoo wakajijua. Mimi nimebaki na Thebe, mbwa wangu, na mbwa kipofu hapandi malishoni. Bila yeye, nami sipandi.

Sufu ile niliing'oa mwenyewe mgongoni mwa kondoo wangu. Thebe akaifuata hadi chini.

"Anaona!" jirani yangu Lebusa akapaza sauti. "Mzee, mbwa kakushinda macho!"

Daktari hakucheka. Alinusa vidole vyake, akatoa mkobani pamba isiyo na harufu ya kondoo, akaiachia. Ikashuka, ikatua juu ya pua ya Thebe, naye bado ameelekea mlimani.

"Hebu tena, mwanangu," nikasema.

Akapasha vidole kwapani, akaiachia tena, taratibu zaidi.