Vigingi vya Lukenya

Kwa nini sikumwuliza jina lake?

Kamati yetu ilinituma Lukenya kukutana na msanifu aliyeomba kazi ya kubuni uwanja wa gofu. Nilimkuta mwanamume mwenye koti jeusi akipigilia vigingi viwili viwili katika nyasi ambazo hazikutikisika japo upepo ulivuma. Nikajitambulisha kuwa mimi ndiye katibu.

"Hapa pabaki hivi," akasema bila kunitazama. "Na waambie watembee polepole."

Nikaandika kila neno. Vigingi viliachana hatua mbili tu. Mimi, na shahada yangu, nikakata shauri kwamba hapo ni pa wanaojifunza mchezo, kupiga mpira wa karibu. Nikampiga picha akiwa kazini, kisha nikarudi Machakos na kumsifu mbele ya kamati hadi wakampitisha.

Hapo akaingia kijana mwenye michoro kwapani, akaomba radhi. Ndiye msanifu, gari lake lilikuwa limeharibika Kyumbi, hakufika Lukenya.

Mwenyekiti wetu, Mama Mwikali, akachukua simu yangu na kuzikagua picha.

"Wewe katibu, haya ni makaburi," akasema. "Kigingi cha kichwa, kigingi cha miguu. Umetuchagulia nani?"

Akazipitia picha tena.

"Na huyo mtu wako mbona simwoni?"

Nikaitazama simu. Zilikuwapo nyasi na vigingi, basi. Tukaamua uwanja usipite pale.

Asubuhi iliyofuata nilirudi na waya, nikapazungushia ua mahali pale, nikitembea polepole.