Salamu za Bibi Kule Surabaya

Ipo siku moja nikiikumbuka, mwanangu, kifua hunipanuka na haya hunishika hapo hapo. Ni siku niliyobisha hodi peke yangu kwenye nyumba moja ya Surabaya, mji wa kale wa bandari kule Indonesia, nikiwa na salamu nilizozichelewesha siku tano.

Leo mnaniona hapa Chanika na kuku wangu na magoti yangu mabovu, mnadhani nilizaliwa nimekaa. Nilikuwa karani bandarini, Dar, msichana wa miaka ishirini na saba, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya miji meli zilikotoka. Surabaya niliiandika mpaka nikaipenda. Nikalimbikiza likizo na nauli, kisha nikatangaza nyumbani kwetu Temeke kwamba nakwenda, tena peke yangu. Hapakukalika. Baba mdogo alisema mtoto wa kike hapandi ndege bila mtu wake, na baba, mwenye duka lake na maneno yake machache, alikaribia kumuunga mkono.

Aliyenifungulia njia ni bibi yangu, Bi Fatma. Alizaliwa Hadhramaut, kule Yemen, yeye na dada yake mkubwa, Zaynab. Mdogo akaozwa huku Uswahilini, mkubwa akaozwa Surabaya, na kwa miaka zaidi ya hamsini hawakuonana. Bibi akawaambia wanawe, "Mwacheni aende. Ana salamu zangu za kufikisha." Kisha akanishika mkono. "Salamu ni amana, Salma. Usilale nayo."

Nami nililala nayo, mwanangu, usiku baada ya usiku.

Sikusahau. Nilijua tu desturi zetu. Ukishaingia nyumba ya ndugu ugenini, uhuru wako umekwisha: begi litatolewa hotelini, utakalishwa, utalishwa, utapewa mtu wa kukusindikiza hata ukienda kununua kiberiti. Mimi nilitaka kuuona mji kwa macho yangu. Nikaamua nizurure kwanza, kwa bibi mkubwa nitakwenda mwisho.

Na nilizurura kwelikweli. Nilivuka Daraja Jekundu na ramani yangu ya karatasi, nikapita kwenye maghala ya Waholanzi yenye kuta nene, nikafika gati ya zamani ambako wachukuzi walipanda melini peku juu ya ubao mwembamba, magunia mabegani. Nikawaeleza kwa ishara kwamba hata mimi ni mtu wa bandari. Wakacheka, wakanipa kahawa. Nikaingia soko la Ampel, mtaa wa Waarabu, nikakuta tende, udi na wazee wa saruni na kofia, ungedhani ni wenye maduka wa Temeke. Mtembezi hula miguu yake, nami niliila kwa raha. Nyumba ya bibi mkubwa ilikuwa nyuma ya soko hilo hilo. Nilipita mlangoni pake mara mbili nikiangalia upande wa pili.

Siku ya sita, saa chache kabla ya ndege yangu, ndipo nikabisha. Binti yake alinipokea, akanipeleka ndani. Bi Zaynab alikuwa kakaa kitandani, mdogo, na uso wake ni wa bibi yangu mtupu. Nikampa salamu kwa Kiarabu changu cha chuoni. Akauliza nimefika lini. Nikamwambia kweli.

"Siku ya pili nilikuona sokoni," akasema polepole. "Nikasema, yule anatembea kama Fatma. Wanangu wakasema ni mtalii tu. Nikadhani akili zangu zimeanza kuniacha."

Akanikalisha, akaanza kunisimulia utoto wao: jinsi siku ya posa walivyopanda darini kuwachungulia wageni, mdogo akalia, yeye akamwinamia akamwambia neno sikioni. Hapo teksi ikapiga honi nje. Nikambusu mkono, nikaondoka.

Nilipofika Dar nilikwenda kwa bibi moja kwa moja, hata begi sijaliweka chini. Nikampa salamu za dada yake, nikamsimulia yote mpaka kule darini.

"Akaniambia nini?" bibi akauliza.

Nikamwambia teksi ilikuwa inanisubiri.

"Mie nimelisahau neno lile," akasema. "Nilitaraji yeye atanikumbusha."

Tukaandika barua. Iliyorudi ilikuwa ya msiba.

Bibi hakunigombeza. Aliwaambia majirani kwamba mjukuu wake amevuka bahari peke yake, na baba mdogo naye akawa anajisifu kwa wateja dukani kwa baba. Nami najisifu mpaka leo: katika ukoo wetu wote wa Temeke, ni macho haya tu yaliyowaona dada wote wawili uzeeni. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa langu.

Basi, mwanangu, safari. Nenda peke yako, tena kifua mbele, asikutishe mtu. Ila ukifika ugenini, fikisha kwanza ulichotumwa. Mji utaukuta palepale kesho, mtu huenda usimkute. Na ukimkuta mzee anasimulia, mwache amalize.

Mungu akufungulie njia, akupe miguu mizima, na kila mlango utakaoubisha, aliye ndani awe bado anakungoja.