Mtoto wa Ziwa

Uvumilivu uliniishia mezani, mume wangu aliposogeza harage jeupe akasema, "Huyu ndiye Tito wetu. Abaki ng'ambo kwanza." (Aibu iliyofuata bado nachekwa nayo mpaka kisimani, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi.)

Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijiji kimoja cha mwambao wa ziwa, chini ya mlima wetu, na mume wangu ndiye Bwana Afya wetu hapa Litembo, mtu wa Bukoba, mpole, kutwa anapanga maharage: meupe wazima, mekundu wagonjwa, kamba ya kiatu ndiyo kizuizi cha njia ya wauza usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Mama Tito, nikifunga kabla jekundu halijapanda mlima, tutafungua mapema. Nikichelewa, tutafunga mpaka tuchoke."

Hesabu nzuri, sikatai, ila mwanangu alikuwa huko chini kwa mama yangu, nimempeleka kuachishwa ziwa!

Alfajiri nikateremka, nikalala kwa mama (kijijini kwake hakukuwa na mgonjwa hata mmoja), kesho yake nikapanda na Tito mgongoni, kamba ya kweli nikaikuta imeshafungwa njiani. Amri ya mume wangu ilisema hapiti mtu isipokuwa mama na mtoto wa ziwa. Nikaona, aa, si nidanganye kidogo tu.

"Huyu ni mtoto wa ziwa," nikamwambia mgambo.

"Wa ziwani ndio tunaowazuia, dada!"

"Ziwa hili!" nikajipiga kifuani, watu wakaanza kucheka.

"Basi anyonye tuone."

Nikafungua blauzi. Tito akatazama, akakumbuka nilichojipaka kumwachisha kabla ya kumpeleka kwa bibi yake, akapiga yowe: "Pilipili! Mama, pilipili!"

Wauza usipa walikaa chini kwa kicheko. Mume wangu alikuwa pale pale, upande wa pili.

"Amri ni amri, Mama Tito," akasema, macho chini. Kisha akainama, akapita chini ya kamba, akaja upande wetu. "Harage moja limeongezeka ng'ambo."

Tulikaa naye kwenye kibanda cha kizuizi mpaka njia ilipofunguliwa, wote wazima. Nampenda, na sidanganyi tena mbele ya kamba, lakini malalamiko niliyapeleka vilevile:

"Ndugu Katibu wa Kijiji, namlalamikia Bwana Afya, mume wangu. Kabla ya kufunga njia, aulize kwanza watoto wa watu wako upande gani, maana maharage hayana mama. Neno 'ziwa' lifutwe kwenye amri, liandikwe 'anayenyonya'. Na kwa kuwa humo kibandani Tito aligundua kwamba pilipili imekwisha, akarudia kunyonya, safari hii amwachishe yeye."