Mzazi Asiyenenepa

Mimi ni mwembamba tangu nikiwa mtoto kule Maji ya Chai, na sikuwahi kudhani ni kosa mpaka nilipojifungua. Nilikuwa nimeolewa na Mchaga, tukaishi Kijenge, mjini Arusha. Kwa Wachaga mzazi hafanyi kazi: anakaa ndani na kulishwa miezi kadhaa, halafu wanawake wanakuja kumwangalia. Akiwa amenenepa, sifa ni za mama mkwe. Akiwa amekonda, mama mkwe ana maswali ya kujibu.

Wangu alishuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, siagi na mguu wa mbuzi. Asubuhi mtori, ule uji wa ndizi na nyama, mchana supu, jioni mtori tena, naye anasimama mlangoni mpaka nimalize. Nilikula, jamani. Nilikula mpaka nikawa naogopa kusikia mwiko ukigonga sufuria. Mtoto akanawiri. Mume wangu, aliyekuwa akimalizia mabaki, akaota kitambi, na wateja dukani kwake wakaanza kumwita bosi ingawa biashara ilikuwa inachechemea. Mimi nikabaki vile vile.

Ilikuwa miaka ambayo maduka ya Arusha yalikuwa yameanza kujaa vitu kutoka nje, na aliyefanikiwa alitakiwa aonekane mwilini. Ilikuwa pia miaka ya ule ugonjwa uliotajwa kwa kunong'ona. Mtu akikonda, mtaa mzima ulishajua anaumwa nini, daktari wa nini tena. Iliniudhi, na inaniudhi mpaka leo.

Siku ya wageni mama mkwe alinivalisha kanga tatu chini ya gauni. Nikaonekana nimejaa kiunoni. Wanawake wakaingia wakiimba, wakampokea mtoto, wakamsifu. Kisha mkubwa wao akanishika mkono juu ya kiwiko na kuubonyeza, kama walivyozoea kumpima mzazi alivyolishwa. Mkono haukuwa umevalishwa kanga. Wimbo ukafa. Mama mmoja akakirudisha mezani kikombe chake cha chai bila kunywa. Mwingine akaniuliza, kwa upole wa kuumiza, kama nilishapimwa damu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama mkwe akaja akakaa kando yangu kwenye kochi. Mapajani nilikuwa na bakuli la mtori lililonishinda. Akalichukua pamoja na kijiko changu, akala mbele yao, bila haraka, mpaka likaisha. Wakati ule watu walikuwa wanawatengea wagonjwa hata vikombe. Akafuta mdomo.

"Amekula kila nilichompa," akawaambia. "Mwili wake ndio huu. Kunyweni chai, inapoa."

Wakanywa. Mazungumzo yakarudi taratibu, wakaaga vizuri, na mkubwa wao akamwombea mtoto kabla ya kutoka. Mama mkwe akawasindikiza hadi getini. Aliporudi alifunga mlango, akaketi tena kando yangu.

"Mwanangu," akasema, "niambie ukweli. Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, mama, ndivyo nilivyozaliwa. Akaniangalia sana, akasema haya, akainuka kwenda kuosha vyombo. Nilibaki pale kwenye kochi. Kumbe alipokuwa anakula kwa kijiko changu hakuwa na uhakika. Nililia mpaka mtoto akaamka.