Neno la Mwisho la Papa Asumani

Miaka ya vita, barabara zilipofungwa, kazi ya Asumani hapa Kindu ilikuwa phonie, ile redio ya kuitana na miji ya mbali. Watu walijaa mlangoni kutafuta sauti za ndugu zao wa Kampene na Pangi, naye alisema ndani ya kile chombo, kila ujumbe akiufunga kwa "terminé", yaani nimemaliza. Neno hilo halikumwacha tena. Hata akiagiza chumvi humalizia hivyo, na mkewe humjibu "bien reçu", nimepokea, bila kuinua macho.

Siku hizi ana kibanda cha kuchapa karatasi, chenye kompyuta moja ya kizee. Jumatatu jioni aliigusa programu inayopanga madirisha kwenye kioo, akaiongezea mstari mmoja ili kazi za wateja zifunguke upesi. Asubuhi, kila alichobonyeza hakikufungua kitu. Kioo kitupu.

Léontine, mteja wake, alikuwa amesimama pale. Kazi yake ya kumaliza chuo imo ndani ya mashine, na saa sita kamili chuo kinaacha kupokea.

"Papa, njo imekufa?"

"Haiyakufa, mama. Iko na shida, lakini haisemi."

"Kama haisemi kwa kioo, itasemea wapi? Kwa mugongo?"

Asumani akakumbuka. Wakati wa phonie, sauti ya Kampene ikipotea, hukupiga kelele kwenye mawimbi ya watu wote. Ulihamia mawimbi ya mafundi, ukamkuta mwenzako yuko kule anaeleza kwamba betri imekwisha au waya umeanguka. Shida haikusemwa barazani. Na mashine hii je? Kila asubuhi, kabla ya madirisha, yeye huanzia kwenye kioo cheusi cha maandishi matupu, anaandika amri moja, kisha anakisahau kutwa nzima.

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Weusi ukarudi, na chini kabisa maneno yalikuwa yanangoja: mstari wa arobaini na moja, neno lisilojulikana, "terminé".

Léontine alicheka mpaka akashika meza. "Papa, njo weye mwenyewe uliandika."

"Muntu akimaliza, anasema amemaliza."

Akalifuta, akawasha upya. Saa tano na nusu kurasa zikatoka, zingali na moto. Léontine akazikumbatia, akapanda pikipiki.

"Uende polepole," Asumani alimwambia.

Msichana hakuondoka. Alimtazama tu, akingoja.

"Terminé," akasema Asumani.

"Bien reçu, papa."